Winga hulipwa kwa dakika asizoshika mpira

Swali: "Shikamoo kocha. Nina miaka 19, nachezea klabu hapa Mombasa, winga wa kulia. Mita mia nakimbia kwa sekunde 10.9 na msimu uliopita nilikuwa mfungaji bora wa timu yetu. Nataka raga iwe kazi yangu. Mjomba aliyenilea amenitafutia nafasi chuoni nisomee umeme, na anasema raga ni ya kupitishia ujana tu. Winga wa kulipwa huishi vipi hasa, anadumu miaka mingapi, na mtu wa huku kwetu anaweza kufika?"

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi: mtu wa kwetu anaweza kufika, wachache wamefika, na hiyo nafasi ya chuo ichukue. Jibu refu ni hili ninaloliandika, maana umenieleza mbio zako na trai zako (zile pointi za kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani), lakini katika barua nzima hukugusia hata mara moja huwa unafanya nini mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Kocha yeyote mwenye mshahara wa kutoa ataanzia hapo.

Tupige hesabu pamoja. Mechi ni dakika 80. Mpira wenyewe huwa hai kama dakika 35 hivi. Muda mwingine unaliwa na skramu (kusukumana kugombea mpira), laini-auti (mpira kurushwa ndani kutoka pembeni), refa kuzungumza na manahodha, mtu kutibiwa. Katika hizo 35, winga hushika mpira mara nane au kumi, na kila mara ni sekunde chache. Kwa hiyo muda wake na mpira mkononi haufiki hata dakika mbili. Muda uliobaki wote yuko kazini bila mpira, na kazi hiyo ndiyo inayomfanya kocha aandike jina lake tena Jumamosi inayofuata.

Chukua robo fainali ya Kombe la Dunia la 2023, Stade de France, Afrika Kusini na wenyeji Ufaransa. Wafaransa walifunga trai, Thomas Ramos akaandaa mkwaju wa nyongeza. Kwenye mkwaju kama huo wapinzani husimama nyuma ya mstari wao wa goli, na sheria inawaruhusu kutoka mbio pale tu mpigaji anapoanza kuusogelea mpira. Wachezaji wengi hutumia nafasi hiyo kuvuta pumzi. Cheslin Kolbe, winga wa Afrika Kusini, alichomoka, akafika, akauzuia mpira kwa mikono yake. Pointi mbili zikapotea. Mechi ikaisha 29 kwa 28, Afrika Kusini wakaenda nusu fainali na mwishowe wakatwaa kombe. Siku hiyo hiyo Kolbe alifunga trai pia, ila waulize watu wanakumbuka nini. Kasi ile unayojivunia wewe, yeye aliitumia mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimtazama, na alikuwa ameshamchunguza mpigaji kiasi cha kujua mwendo wake unaanzaje. Ile ni kazi ya maandalizi.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana hili ndilo eneo ambalo vijana wetu wenye mbio hukwama.

Timu yako inapokaba, mawinga na fulbeki, yule beki wa mwisho kabisa, mnalinda uwanja wa nyuma. Mpira ukiwa kushoto, winga wa kulia hurudi nyuma kumsaidia fulbeki. Mpira ukivukishwa kuja kulia, winga huyo hupanda kujiunga na ukuta wa mbele, fulbeki akasogea kuziba pengo aliloacha, na winga wa kushoto akaanza kushuka. Watatu hawa huenda na kurudi kama bembea mechi nzima. Ukichelewa kushuka, flaihafu wao, mpangaji wa mashambulizi na mpigaji wa mateke, anaona nyasi tupu na kuutia mpira pale. Ukichelewa kupanda, mnazidiwa mtu mmoja pembeni. Hakuna anayekupigia makofi ukiwa mahali sahihi, kwa sababu ukiwa mahali sahihi mpigaji hughairi na mpira hauji. Mtazamaji wa kawaida ataona winga aliyetembeatembea tu. Kocha ataona mpira ambao haukupigwa.

Kazi hii imekuwa nzito zaidi tangu 2021 ilipoanza kujaribiwa sheria ya 50:22, ambayo mwaka uliofuata ilipitishwa moja kwa moja. Timu ikipiga mpira kutoka nusu yake, ukadunda uwanjani kisha ukatoka nje ndani ya eneo la mita 22 mbele ya goli la wapinzani, wao waliopiga ndio wanaorusha laini-auti. Yaani mnaweza kuwa mnakaba vizuri katikati ya uwanja, na teke moja likawaweka mlangoni mwenu. Dawa ni winga kushuka mapema, na akishuka mapema ukuta wa mbele unabaki na mtu pungufu. Unayaamua hayo kila sekunde chache, ukiwa umechoka, kelele zimejaa, na senta, beki mwenzako aliye upande wa ndani yako, anakuita upande.

Kisha mpira wa juu. Siku hizi mechi kubwa nyingi huamuliwa angani. Skramuhafu, yule anayeutoa mpira kwenye rundo la wachezaji, anaudunga juu, winga anaufukuzia na kuruka kuugombea. Tangu Novemba 2024 marefa wameagizwa kuwa wakali kwa wale wanaojipitisha mbele ya mfukuziaji ili kumzibia njia, kwa hiyo mfukuziaji anafika mara nyingi kuliko zamani, na anayepokea hana tena ukuta wa wenzake wa kumlinda. Mtazame Louis Bielle-Biarrey wa Ufaransa: katika mashindano ya Mataifa Sita ya Ulaya ya 2025 alifunga trai 8 na hakuna mechi aliyotoka bila trai. Nyingi ya mbio zake zinaanza kwa kufukuzia mpira uliopigwa na mwenzake, yeye akiwa ameshatoka kabla beki hajageuka. Ana kasi ya ajabu, ndiyo, lakini kinachomtofautisha na wenye kasi wengine ni kwamba anakisia mapema.

Wewe uko pwani, jifunze mpira wa juu miezi ya kusi. Upepo ule wa kutoka baharini unaupinda mpira kuliko mashine yoyote ya mazoezi ya Ulaya. Mwambie mwenzako akupigie juu sana, nawe usiusubiri umesimama. Uje ukikimbia, uruke kwa mguu mmoja, goti la pili likiwa juu, mikono juu ya macho, bega limegeuzwa kidogo ili mpira ukikuponyoka uangukie nyuma yako badala ya mbele. Ukiona mpinzani ameruka kabla yako na huna uwezekano wa kweli wa kuufikia mpira, muache ashuke mpaka miguu yake iguse chini ndipo umkabe. Ukimgusa akiwa hewani akapinduka, utatolewa kwa kadi, na kuna makocha ambao watalikumbuka hilo kuliko trai zako zote.

La tatu ni kukaba pembeni, na hapa nitakupa mfano unaoniuma kila ninapoukumbuka. Winga Christian Wade alipoondoka klabu ya Wasps ya Uingereza mwaka 2018 alikuwa amefunga trai 82 katika Ligi Kuu ya Uingereza. Miguu yake ilikuwa ya kipekee. Beki mzima alibaki akishika hewa. Kwa timu ya taifa alichezeshwa mechi moja, dhidi ya Argentina mwaka 2013, basi. Lawama iliyomfuata miaka yote ilikuwa ukabaji wake na umbo lake dogo. Mimi naona alionewa kwa kiasi fulani, maana umbo dogo halikumzuia Shane Williams wa Wales, mtu wa mita 1.70, kuwa mchezaji bora wa dunia 2008 na kufikisha trai 58 kwa nchi yake. Lakini makocha wa kimataifa hupanga timu kwa hofu. Wakimwona winga anayeweza kuwapa trai mbili na kuwagharimu mbili, humchukua yule anayewapa moja na hagharimu kitu.

Ukiwa pembeni na wapinzani wako wawili mbele yako, una njia mbili. Ya kwanza ni kuchomoka ndani umkamate mwenye mpira kabla hajatoa pasi; ukikosea, ni trai, na picha zote zitakuonyesha wewe. Ya pili ni kurudi nyuma kwa mtelezo huku ukiwasukuma kuelekea mstari wa pembeni, ukinunua muda mpaka fulbeki afike. Hapo unatoa mita 20 lakini unaokoa pointi. Kijana wa kasi hupenda ile ya kwanza kwa sababu inaonekana ya kiume. Nakushauri miaka yako miwili ijayo ujifunze ya pili hadi iwe tabia, ndipo uanze kuchagua siku za kuchomoka. Na zungumza. Winga aliye kimya pembeni ni nusu winga; yeye huuona uwanja mzima akiwa ameukabili, kwa hiyo senta wake anamtegemea ajue wangapi wako nje.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii wanapoota mikataba. Katika fainali ya 2023 Afrika Kusini waliweka benchi la wachezaji wanane: fowadi saba, wale wazito wa kusukumana kwenye skramu, na beki mmoja. Si timu zote zinafika huko, lakini sita kwa wawili limekuwa jambo la kawaida. Maana yake kwako: winga akianza, anatarajiwa amalize dakika 80, na winga anayejua nafasi moja tu hana kiti kwenye benchi. Kolbe amecheza fulbeki katika klabu ya Toulouse ya Ufaransa kama alivyocheza winga, na hiyo ni sehemu ya thamani yake. Kwa hiyo usimkatalie kocha wako akikuomba ucheze fulbeki au senta. Shukuru.

Umeniuliza winga anadumu miaka mingapi. Kwa nionavyo, wengi hupata nafasi ya kudumu kati ya miaka 21 na 24, na hupokonywa karibu na 32. Hiyo ni kazi ya miaka kama kumi mambo yakienda vizuri, na mambo hayaendi vizuri kwa wengi. Tazama maisha matatu.

Jonah Lomu aliichezea New Zealand mara ya kwanza 1994 akiwa na miaka 19, umri wako huo. Mwaka uliofuata, nusu fainali ya Kombe la Dunia pale Cape Town, alifunga trai nne dhidi ya Uingereza. Alikuwa na mita 1.96 na uzito wa karibu kilo 120, na alikimbia kama watu wepesi. Wiki chache baadaye, Agosti 1995, raga ya wachezaji 15 iliruhusiwa kuwa mchezo wa kulipwa, na uso wake ndio ulioiuza duniani. Alimaliza na trai 15 za Kombe la Dunia, rekodi ambayo Bryan Habana aliifikia 2015. Lakini ugonjwa wa figo ulikuwa ndani ya mwili wake tangu akiwa kijana. Mechi yake ya mwisho kwa taifa ilikuwa 2002, akiwa na miaka 27. Alipandikizwa figo 2004, akafariki Novemba 2015 akiwa na miaka 40. Na jambo ambalo kila winga anapaswa kulijua: mtu huyu, aliyekuwa tishio kuliko winga yeyote wa zama zake, hakuwahi kufunga trai hata moja dhidi ya Afrika Kusini. Walimpangia, wakamzingira watu watatu watatu, wakahakikisha mpira unamfikia akiwa amesimama. Winga hula anachopikiwa na wenzake walio ndani yake. Ukiwa na flaihafu mbovu, kasi yako itakaa pembeni ikisubiri.

Bryan Habana ni sura ya pili, ile ambayo kila mtu angeipenda. Alianza 2004, akafunga trai 8 kwenye Kombe la Dunia la 2007 ambalo Afrika Kusini walilitwaa, akawa mchezaji bora wa dunia mwaka huo, akahamia Toulon ya Ufaransa 2013 na kutwaa ubingwa wa Ulaya, akamaliza na mechi 124 na trai 67 kwa taifa lake. Mfululizo wa kupendeza. Hata hivyo mwisho wake haukuwa na sherehe: aliumia goti 2017, akafanyiwa upasuaji, akangoja kupona, hakurudi tena uwanjani, na 2018 akatangaza kustaafu akiwa na miaka 34. Alikuwa amejiandaa. Leo ni mchambuzi wa runinga na mmoja wa walioanzisha kampuni ya Paymenow, inayowawezesha wafanyakazi kuchukua sehemu ya mshahara walioufanyia kazi kabla ya mwisho wa mwezi. Goti halikumkuta mikono mitupu.

Wa tatu ni Makazole Mapimpi, na huyu ndiye ninayekuomba umsome zaidi. Alizaliwa kijijini Tsholomnqa, Rasi ya Mashariki, na hakupita zile shule kubwa za raga ambazo huko kwao ndizo zinazozalisha wachezaji wa taifa. Alianzia klabu ndogo, akapanda hadi timu ya Border, kisha timu ya Southern Kings, ambako 2017 hatimaye wakubwa walimwona. Mechi yake ya kwanza ya taifa alicheza 2018, zikiwa zimebaki wiki chache tu atimize miaka 28. Mwaka uliofuata, Yokohama, akawa Mwafrika Kusini wa kwanza kufunga trai katika fainali ya Kombe la Dunia. Waliwashinda Uingereza 32 kwa 12. Kwa hiyo nikikuambia kwamba wengi huchukuliwa kabla ya miaka 24, usidhani mlango unafungwa siku hiyo. Ila yeye alikuwa anacheza kila wiki miaka yote hiyo, na alipofika alikuwa anajua kukaba, kupokea mpira wa juu na kufukuzia.

Nyumbani tunaye Collins Injera. Jina lake alilijenga katika raga ya wachezaji saba, si kumi na tano, lakini ndiye mfungaji mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa naye. Alianza Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, 2006, msimu wa 2008 hadi 2009 akaongoza dunia nzima kwa trai, Aprili 2016 alikuwemo Kenya ilipotwaa taji lake la kwanza la msururu wa dunia kule Singapore kwa kuwafunga Fiji 30 kwa 7, na mwezi uliofuata jijini London akaipita rekodi ya trai 230 ya Muajentina Santiago Gómez Cora. Baadaye Dan Norton wa Uingereza alimpita yeye, lakini Injera alimaliza na trai 279. Kaka yake, Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha, alisomea kemia huku akicheza kiwango hicho hicho, na 2020 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mweleze mjomba habari za ndugu hawa wawili. Vitabu na mpira vilikaa nyumba moja.

Sasa pesa, kwa ukweli wake. Raga yenye mishahara ya kujenga nyumba iko Ufaransa katika ligi kuu yao, Top 14, iko Uingereza, iko katika ligi inayounganisha klabu za Ireland, Wales, Scotland, Italia na Afrika Kusini, na iko Japani. Kolbe mwenyewe alitoka Toulon akaenda Tokyo. Katika mgao wa mishahara winga kwa kawaida hayuko juu. Flaihafu na fowadi wa safu za mbele hutafutwa kwa shida zaidi, kwa hiyo hulipwa zaidi. Klabu za Ufaransa zina masharti ya kuwa na idadi ya wachezaji waliolelewa katika mfumo wa nchi hiyo, kwa hiyo nafasi za wageni ni chache, nazo hupewa watu ambao tayari wana jina. Uingereza lazima upate kibali cha kazi, na kibali hutazama umecheza wapi. Mtoto wa Mombasa hatoki kwenye mashindano ya klabu akatua Toulouse. Anayekuambia hivyo anataka kitu kwako.

Hata ukifika, usidhani umefika salama. Wasps na Worcester, klabu kubwa za Uingereza, zilifilisika 2022 katikati ya msimu, na London Irish ikafuata 2023. Wachezaji wa kimataifa waliamka asubuhi hawana kazi. Mkataba wa miaka mitatu una nguvu kadiri klabu yenyewe ilivyo na nguvu.

Njia ninayoiona kwako ni hii. Kwa umri wako bado unaweza kuitwa Chipu, timu yetu ya chini ya miaka 20. Ulizia majaribio yao kupitia klabu yako na ujitokeze. Msururu wa kitaifa wa wachezaji saba unapoanza, cheza mashindano mengi uwezavyo: Driftwood iko mlangoni kwako, Prinsloo iko Nakuru, Dala iko Kisumu. Hapo ndipo macho ya Shujaa yanapokuwa, na Shujaa ndiyo njia ambayo imewatoa Wakenya wengi nje kuliko nyingine yoyote. Kisha lenga klabu ya Kenya Cup, ligi kuu yetu ya wachezaji 15, inayobebwa na kampuni: Kabras wana sukari nyuma yao, KCB wana benki, Oilers wana mafuta. Hapo mechi ni ngumu kila wiki na mazoezi yana utaratibu. Na fundi umeme mwenye cheti, akibisha hodi kwenye klabu iliyo ubavuni mwa kiwanda, ana maneno mawili ya kuanzia mazungumzo badala ya moja. Ukishapata misimu miwili mitatu hapo na jezi ya taifa, ndipo madaraja ya chini ya Ufaransa au ligi ya Uhispania yanaweza kukupa chumba, posho na kazi ya mchana. Wapo wanaopanda kutoka hapo. Wengi hubaki hapo miaka michache, wakajifunza lugha, wakarudi au wakaishi huko maisha ya kawaida. Mimi siiiti hiyo kushindwa.

Kuhusu mawakala: wakala wa kweli hulipwa asilimia kutoka kwenye mkataba uliosainiwa. Anayekutaka utume pesa ya viza, ya majaribio au ya "kuhifadhi nafasi" kabla hujaona karatasi yenye jina la klabu, usimjibu. Piga simu klabu hiyo mwenyewe. Nimeona familia zikiuza shamba kwa ajili ya majaribio ambayo hayakuwepo, na hasira yangu juu ya jambo hili haijapoa.

Mwili wako ndio mtaji, kwa hiyo utunze kwa akili. Ugonjwa wa mawinga ni kuchanika misuli ya nyuma ya paja. Wengi huchanika kwa sababu wiki nzima wanakimbia kwa mwendo wa wastani, kisha Jumamosi mwili unaombwa kasi yote ghafla. Kila wiki kimbia kwa kasi yako ya juu kabisa angalau mara moja, umepasha mwili vizuri, mbio chache fupi na mapumziko marefu. Mchanga wa ufukweni unajenga nguvu za miguu, lakini kasi ya kweli inataka ardhi ngumu. Usiwe mtu wa mchanga siku zote. Fanya pia zoezi la kupiga magoti, mwenzako ameshika vifundo vyako, nawe unajiachilia mbele polepole ukijizuia kwa nyuma ya mapaja. Linachosha na halina picha nzuri, na limewaokoa wengi.

Na kichwa. Ukigongwa ukaona giza, ukasahau matokeo, ukahisi kichefuchefu, toka uwanjani, hata kama ni fainali na wakubwa wa Shujaa wako jukwaani. Usirudi mpaka daktari akuruhusu. Goti hutengenezwa. Ubongo hauna upasuaji wa kuurudisha ulivyokuwa, na kizazi cha wachezaji waliostaafu sasa hivi kinaishi na madhara ya kugongwa na kurudishwa ndani. Hili silipunguzi neno.

Kuhusu zile sekunde 10.9: ni nzuri, zitunze. Lakini raga haina mstari wa kuanzia wala viatu vya misumari ya mbio. Pima mita 10 za kwanza ukitokea kusimama, pima mita 30 ukitokea kwenye mwendo, kisha pima zote tena mwisho wa mazoezi ukiwa umechoka. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo itakayokuambia wewe ni winga wa dakika ya 5 au wa dakika ya 75.

Mjomba wako mpe heshima yake. Mwombe akubali ratiba: chuo asubuhi, mazoezi jioni, na ahadi kwamba ukifeli mtihani unapumzisha raga muhula mmoja. Mzee anayeona ratiba iliyoandikwa husikiliza kuliko anayeambiwa ndoto. Mkaribishe mechi moja, umkalishe pembeni ya uwanja, upande unaocheza wewe, ili aone kazi kwa karibu.

Ukitaka nikutazame, nitumie mkanda. Nakuomba usinitumie mkusanyiko wa trai zako. Nitumie mechi nzima ambayo mlifungwa, na mwambie anayerekodi aikaze kamera kwako kuanzia dakika ya kwanza hadi kipenga cha mwisho, hata pale mpira unapokuwa mbali nawe.